Chicago Cubs 2025 baada ya mwezi wa kwanza: miguu na glavu kabla ya magongo

Alasiri ya Ijumaa, tarehe 18 Aprili, Chicago Cubs, timu yangu ya besiboli, waliingia katika zamu ya 8 (katika kila zamu timu zote mbili hupiga, moja baada ya nyingine) wakiwa mbele ya Arizona Diamondbacks kwa mikimbio, yaani pointi, 7 kwa 1, wakawaruhusu wageni wao kupata mikimbio 10 katika nusu zamu moja, kisha ilipofika nusu yao wakajibu kwa mikimbio 6 na kuondoka na ushindi wa 13 kwa 11. Mikimbio 16 katika zamu moja ya mchezo wenye zamu 9! Nilikuwa nikifuatilia redioni, na mtangazaji alipokwisha kuzitangaza homurani (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) za Carson Kelly, Kyle Tucker na Seiya Suzuki, nilihisi kwamba katika muda mfupi mno nimeoneshwa kila kitu ambacho timu yangu inacho na kila kitu ambacho haina katika msimu huu wa 2025.

Naiandika tathmini hii kama anavyoandika mtu aliyenunua kitu na kukitumia kwa mwezi mzima, kwa kuwa ushabiki wa besiboli nchini Marekani ni jambo la kulipia: kuna tiketi, kuna malipo ya kutazama kwenye televisheni, na juu ya hayo zimo jioni zako, kwani kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Mtu anayeniuliza kama Cubs wa mwaka huu wanastahili jioni hizo simwambii asubiri hadi Oktoba. Namjibu kwamba wanastahili, ingawa sababu yangu kuu inatofautiana na inayotajwa na wengi. Wengi wanayataja magongo, yaani upigaji. Mimi naitaja miguu na glavu, yaani namna wachezaji hawa wanavyokimbia kati ya besi, vile vituo vinne vya kuzungukwa ili kupata mkimbio, na namna wanavyodaka, kwa sababu katika mwezi wa Aprili hayo mawili ndiyo ninayoweza kuyaamini.

Wahenga walisema nyota njema huonekana alfajiri, na mshabiki wa Cubs ana sababu za kuupokea msemo huo kwa tahadhari. Alfajiri ya mwaka 2024 ilikuwa njema pia, mpaka Mei ilipoingia na upigaji ukanyauka, na timu ikamaliza msimu ikiwa na ushindi 83 na vipigo 79, hesabu ile ile iliyomaliza nayo mwaka 2023. Misimu yote miwili ikaishia nje ya mechi za mtoano. Upigaji ndivyo ulivyo: mpira wa mviringo hukutana na gongo la mviringo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hata mpigaji bora duniani hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu, kwa hiyo wiki nne za bahati zinaweza kumvika taji mchezaji wa kawaida, na wiki nne za mkosi zinaweza kumfanya bingwa aonekane amesahau kazi yake. Mbio hazina tabia hiyo. Mchezaji aliye na kasi mwezi wa Aprili atakuwa nayo mwezi wa Agosti, mradi awe mzima, na anayejua kuusoma mwendo wa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, hausahau kwa usiku mmoja. Ndiyo maana ninapoitazama timu mwanzoni mwa msimu huiweka kando hesabu ya mikimbio na kuangalia ni nani anayeipata besi ya ziada ambayo mwingine asingethubutu kuitafuta.

Tangu mwaka 2023 sheria zenyewe zinawapendelea wenye mbio. Besi ziliongezwa ukubwa kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, hivyo umbali kati ya besi moja na nyingine ukapungua kidogo. Na mrushaji, ambaye sasa analazimika kurusha kabla saa haijamwishia, haruhusiwi kukatiza mrusho wake au kujaribu kumnasa mkimbiaji zaidi ya mara mbili kwa mpigaji mmoja bila kujiweka hatarini, kwa sababu jaribio la tatu lisipomtoa mkimbiaji, mkimbiaji husogezwa besi moja mbele. Kwa mkimbiaji hodari, kanuni hiyo ni sawa na kukabidhiwa ufunguo. Akishamchokoza mrushaji mara mbili anajua kwamba mrushaji hana tena njia rahisi ya kumzuia, na kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata wakati mrushaji anaanza kumrushia mpigaji, kunabaki kuwa hesabu ya sekunde baina ya miguu yake na mkono wa mdakaji, anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji.

Cubs wana watu wa hesabu hiyo kila mahali katika orodha yao ya wapigaji. Nico Hoerner aliiba besi 43 mwaka 2023 na 31 mwaka 2024. Pete Crow-Armstrong aliiba 27 mwaka 2024 na kunaswa mara 3 tu. Tucker, ambaye kwa urefu wake na utulivu wake hafanani hata kidogo na mwizi wa besi, aliiba 30 mwaka 2023 alipokuwa Houston Astros. Kuna timu zenye mkimbiaji mmoja wa namna hiyo, na wapinzani hujipanga kwa ajili yake pekee. Hapa mrushaji hapati nafasi ya kupumua, kwani akishamaliza kumchunga mmoja anakuta mwingine amesimama besi ya kwanza akiinamisha magoti. Nimeona mwezi huu warushaji wazuri wakiharakisha mrusho kwa hofu ya mkimbiaji, na mpira ulioharakishwa ukaishia katikati kabisa ya eneo la kupigwa, mahali ambapo mpigaji wa Cubs alikuwa akiusubiri. Mkimbio wa namna hiyo huandikwa kwa jina la mpigaji, lakini aliyeuanzisha ni yule aliyekuwa besi ya kwanza.

Crow-Armstrong ndiye mchezaji ambaye kwa ajili yake ninakata tiketi. Ametimiza umri wa miaka 23 mwezi wa Machi. Alikuja Chicago akiwa bado katika ligi za chini, Julai 2021, katika mabadilishano yaliyompeleka Javier Báez kwa New York Mets, na nakumbuka vizuri huzuni ya siku ile, kwa kuwa Báez alikuwa mmoja wa mabingwa wetu wa 2016 na hakuna aliyetaka kusikia kuhusu kijana ambaye hatujamwona akicheza. Leo kijana huyo analinda uwanja wa kati kwa namna ambayo sijaiona kwa Cubs kwa miaka mingi. Hatua yake ya kwanza huanza wakati mlio wa gongo ungali hewani, na mpira ambao walinzi wengine hulazimika kuukimbiza hadi ukutani yeye huusubiri akiwa amekwisha kutulia chini yake. Anapokuwa upande wa kukimbia, mpira wa kawaida unaotua mbele ya mlinzi wa pembeni humpa wazo la besi ya pili, na mara nyingi wazo hilo ni sahihi.

Kasoro yake ni kwamba gongo lake halijapata subira inayolingana na miguu yake. Anaifuata mipira iliyo nje kabisa ya eneo halali, mipira ambayo Tucker angeiacha ipite bila hata kutikisa bega, na warushaji wa ligi hii wana kumbukumbu ndefu. Wiki hizi za mwisho za Aprili amekuwa akiipiga vizuri hata hiyo, na uwanja mzima unaimba herufi za jina lake, lakini sitaki kumjengea msomaji tumaini juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe bado nalitilia shaka. Ninachosema ni kwamba hata akirudi kupiga vibaya, mchango wake katika ulinzi na katika mbio utabaki pale pale, na timu itaendelea kupata thamani yake kila siku anapovaa viatu.

Katikati ya uwanja, nyuma ya mrushaji, wamo Hoerner katika besi ya pili na Dansby Swanson kati ya besi ya pili na ya tatu. Wote wawili walishinda tuzo ya Gold Glove mwaka 2023, tuzo inayotolewa kwa mlinzi bora wa kila nafasi, na upande wa kushoto wa uwanja yupo Ian Happ ambaye ameichukua miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024. Tucker, upande wa kulia, anayo yake ya 2022. Mtu akihesabu atakuta walinzi wanne wenye tuzo hiyo, na Crow-Armstrong, ambaye naamini ataipata hivi karibuni, ndiye wa tano. Mkataba wa Swanson, miaka 7 kwa dola milioni 177, umelalamikiwa sana na mashabiki wenzangu kwa sababu gongo lake hupitia vipindi virefu vya ukame, na siwalaumu kwa kuutazama upigaji. Ningewaomba tu wamtazame siku ambayo mpira unaviringika kwa kasi kuelekea kushoto, akiufuata kwa mkono wa glavu, akigeuka hewani na kuurusha besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika, wamtazame pia mrushaji anavyoshusha pumzi baada ya hapo.

Ulinzi huo una faida kubwa zaidi kwa Shota Imanaga, na hapa ndipo ninapoona ustadi wa wale walioipanga timu hii. Imanaga harushi kwa kasi ya kutisha. Mpira wake mkuu hufika kwa mpigaji kana kwamba unapanda badala ya kushuka, mpigaji huupiga kwa chini, na matokeo yake ni mipira mingi inayopaa juu angani. Mrushaji wa aina hiyo akiwa na walinzi wazito nyuma yake huumia, kwani mipira inayopaa hutua katika nafasi tupu. Akiwa na Crow-Armstrong katikati, Happ kushoto na Tucker kulia, mipira hiyo hugeuka kuwa mapumziko. Mwaka 2024, ambao ulikuwa wa kwanza kwake nchini Marekani, alishinda mechi 15 na kupoteza 3, na tarehe 4 Septemba yeye, Nate Pearson na Porter Hodge waliwanyima Pittsburgh Pirates hata pigo moja la halali kwa zamu zote 9, jambo ambalo Cubs hawakuwa wamelifanya katika uwanja wao wa nyumbani tangu mwaka 1972. Wale wanaosema kwamba mwaka wa pili wapigaji watakuwa wamemzoea wana hoja, nami huwajibu kwamba homurani ndiyo itakayomtesa, kwa sababu hakuna glavu inayofika nje ya uzio.

Kuhusu Tucker mwenyewe sina shaka yoyote ya kiuchezaji. Cubs walimpata Desemba 2024 kwa kuwapa Astros wachezaji watatu, Isaac Paredes, Hayden Wesneski na Cam Smith, na huyu wa tatu alikuwa amechaguliwa na Cubs mwaka huo huo katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa vijana. Bei ilikuwa kubwa, na ukubwa wake unaongezeka mtu anapokumbuka kwamba mkataba wa Tucker unakwisha mwishoni mwa msimu huu. Baada ya mwezi mmoja wa kumtazama kila siku nasema bei hiyo ilikuwa halali. Anasimama mbele ya mrushaji kama mtu asiye na haraka na chochote; anaiacha mipira mibaya, anapewa besi ya bure, na akipata mpira mzuri huupiga kwa mkunjo mmoja mwepesi unaofanya homurani ionekane kazi ndogo. Mpigaji anayemtangulia na anayemfuata wote wawili hunufaika, kwa kuwa mrushaji huwa ametumia nguvu zake nyingi kwa yule wa katikati. Ombi langu kwa wenye timu ni moja, nalo nalitoa kwa moyo wote: wamwekee mezani mkataba mrefu kabla majira ya joto hayajaisha, maana timu inayotoa vijana kwa ajili ya mwaka mmoja inapaswa kuwa tayari kulipia miaka inayofuata.

Juu ya magongo kwa jumla sitasema mengi, ingawa yamefanya mambo ambayo sitayasahau. Tarehe 31 Machi, katika uwanja mdogo wa Sacramento ambako Athletics wanacheza kwa sasa, Cubs walishinda 18 kwa 3, na Kelly akapata katika mechi hiyo moja pigo la besi moja, la besi mbili, la besi tatu na homurani, seti kamili ambayo hakuna mchezaji wa Cubs aliyeikamilisha tangu Mark Grace mwaka 1993. Mdakaji ndiye aliyefanya hivyo! Nafasi hiyo hucheza watu waliochoka magoti, na pigo la besi tatu kwa mdakaji ni zawadi ya nadra. Tarehe 12 Aprili wakawafunga Los Angeles Dodgers, mabingwa watetezi, mikimbio 16 kwa 0 katika uwanja wa Dodgers wenyewe. Niliitazama mechi hiyo hadi mpira wa mwisho, nikafurahi kama wengine, na kesho yake nikajiambia kwamba hakuna timu inayopiga hivyo kwa miezi sita.

Ratiba ni jambo ambalo lazima lipimwe pamoja na matokeo. Msimu wa Cubs ulianzia Tokyo, ambako tarehe 18 na 19 Machi walipoteza mechi mbili kwa Dodgers, 4 kwa 1 na 6 kwa 3, licha ya Imanaga kurusha zamu 4 za mechi ya kwanza bila kuruhusu pigo. Waliporudi Marekani hawakupewa wapinzani wepesi: San Diego Padres walikuja Wrigley Field, uwanja wa Cubs, wakiwa hawajapoteza mechi hata moja na wakaipata hasara yao ya kwanza hapo, kisha Dodgers wakakutana nao tena mara mbili, kule na huku. Kufikia tarehe 23 Aprili Cubs na Dodgers walikuwa wamemaliza mechi zao zote 7 za msimu, Cubs wakiwa wameshinda 4. Mwaka jana ushindi mwingi wa Aprili haukunipa imani yoyote. Mwaka huu unanipa, kwa kuwa umepatikana mbele ya wapinzani ambao hawamwachii mtu mechi kwa bahati.

Sasa nije kwenye kasoro, ambayo ni kubwa na haifichiki. Justin Steele, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyeshinda mechi 16 mwaka 2023, alirusha zamu 7 bila kuruhusu mkimbio dhidi ya Texas Rangers tarehe 7 Aprili, na siku chache baadaye ikatangazwa kwamba kiwiko chake kinahitaji upasuaji na kwamba hatacheza tena msimu huu. Sijapata habari iliyoniuma kuliko hiyo mwaka huu. Timu inaweza kumpoteza mpigaji na kumbadilisha kwa wawili wa kawaida, lakini mrushaji wa kuanzisha mechi hubeba zamu 6 au 7 kila siku ya tano, na asipokuwepo, zamu hizo huangukia mabega ya warushaji wa akiba ambao walipaswa kupumzika. Mechi ya tarehe 18 Aprili niliyoanza nayo ilionesha ugonjwa huo waziwazi: uongozi wa mikimbio 6 uliyeyuka mikononi mwa watu wa akiba, na magongo yasingeamka, tungekuwa tunaizungumza leo kwa uchungu.

Waliobaki si watu wa kudharauliwa. Matthew Boyd, aliyesajiliwa Desemba kwa miaka miwili, amekuwa mtulivu kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji mkubwa wa kiwiko, na pengine msomaji wa Afrika Mashariki atapenda kujua kwamba yeye na mkewe ndio waanzilishi wa Kingdom Home, shirika linalowatunza watoto nchini Uganda. Jameson Taillon anajua kazi yake. Ben Brown, ambaye ana mipira ya aina mbili tu ya kutegemea, ndiye aliyeanzisha ile mechi ya 16 kwa 0, lakini mrushaji wa aina mbili huwa wazi mbele ya mpigaji anapokutana naye mara ya tatu katika mechi moja. Colin Rea ameziba pengo kwa uaminifu. Kwa zamu za mwisho, Ryan Pressly alikuja kutoka Houston mwezi wa Januari akiwa na sifa ya kumalizia mechi za ubingwa wa 2022, ila mipira yake haiwapiti wapigaji kama ilivyokuwa zamani, na kila anapoingia kulinda uongozi wa mkimbio mmoja mimi husimama. Nadhani kabla ya Juni kazi hiyo itahamia kwa mtu mwenye mkono wa kasi zaidi, na nadhani kabla ya mwisho wa Julai, muda wa kubadilishana wachezaji unapofungwa, uongozi utalazimika kutafuta mrushaji wa kuanzisha mechi kutoka nje.

Besi ya tatu nayo ni swali. Wakati wa mapumziko kati ya misimu Cubs walimtaka Alex Bregman, naye akachagua Boston, hivyo nafasi ikapewa Matt Shaw, kijana aliyechaguliwa wa 13 katika uteuzi wa mwaka 2023. Hakupata mapigo, na katikati ya Aprili alirudishwa Iowa, katika timu iliyo hatua moja chini ya ligi kuu. Naona uamuzi huo ulikuwa wa huruma na wa busara kwa pamoja. Atarudi.

Mtu anayelipia timu hii analipia pia mahali inapochezea, na Wrigley Field ya Aprili si ile inayooneshwa kwenye picha. Mmea wa kutambaa uliopandwa mwaka 1937 kwenye ukuta wa matofali huwa bado haujatoa majani, matawi yake yamejikunja juu ya matofali kama nyuzi za kahawia, na upepo unaotoka Ziwa Michigan hupenya koti lolote. Upepo huo ukivuma kuelekea ndani huizuia mipira ambayo Julai ingevuka ukuta, na hiyo ni sababu nyingine ya kuithamini timu ya wakimbiaji katika uwanja huu: siku ya baridi ambayo hakuna homurani, besi iliyoibwa ni mali. Ubao wa matokeo, nao wa mwaka 1937, bado unageuzwa kwa mikono na watu walio ndani yake, na Cubs wanaendelea kucheza mechi nyingi mchana, kwa kuwa uwanja huu uliofunguliwa mwaka 1914 haukuwa na taa hadi Agosti 1988. Mgeni anayetaka kuja kwa mara ya kwanza namshauri achague mechi ya mchana, avae nguo nzito kuliko anavyodhani inahitajika, na ashuke kituo cha Addison cha treni ya mstari mwekundu, ambacho kiko hatua chache tu kutoka langoni.

Asiyeweza kufika ana redio, na kwa maoni yangu redio ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Pat Hughes amekuwa sauti ya Cubs tangu mwaka 1996, na mwaka 2023 alipewa tuzo ya Ford C. Frick ambayo hutolewa kwa watangazaji wa besiboli. Huanza kwa kueleza rangi za sare za timu zote mbili, kisha upepo unavuma upande gani, kisha walinzi wamesimama wapi, na kufikia mpira wa kwanza msikilizaji huwa amekwisha kuuona uwanja mzima. Mpira unapopigwa hakimbilii kupiga kelele. Sauti yake hupanda pamoja na mpira, na hushuka pamoja nao ukidakwa. Kwa timu inayoishi kwa mbio, mtangazaji anayemtaja mkimbiaji kabla ya kumtaja mpigaji ni hazina.

Katika divisheni ya Kati ya Ligi ya Taifa, ambayo Cubs wanaiongoza mwishoni mwa Aprili 2025, mpinzani ninayemhofia ni Milwaukee Brewers, mabingwa wa divisheni hiyo mwaka 2023 na 2024. Kocha wetu Craig Counsell anawajua kuliko mtu yeyote, kwani aliwaongoza tangu 2015 kabla ya kuja Chicago Novemba 2023. Sifa yake ni kugawa kazi ya warushaji wa akiba kwa uangalifu, na mwaka huu sifa hiyo itapimwa kuliko wakati wowote. Cincinnati Reds wana vijana wenye kasi pia, St. Louis Cardinals na Pittsburgh Pirates siwaoni wakifika mbali. Makadirio yangu ni ushindi kati ya 88 na 92, na nafasi katika mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2020, iwe kwa kushinda divisheni au kwa moja ya nafasi tatu za ziada.

Nyota nne kati ya tano ndizo ninazowapa. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya kiwiko cha Steele na kwa ajili ya zamu ya 8. Tarehe 22 Aprili karibu niitoe: Dodgers walikuwa mbele kwa mkimbio mmoja katika zamu ya 9, watu wawili wa Cubs wamekwisha kutolewa na amebaki mmoja tu mchezo uishe, na Miguel Amaya, mdakaji mwenzake Kelly, akapiga homurani ya kusawazisha; katika zamu ya ziada, ya 10, Happ akapiga pigo la kumaliza, 11 kwa 10, na bendera nyeupe yenye herufi W ya buluu, ishara ya ushindi, ikapandishwa juu ya ubao. Tiketi yangu inayofuata ni ya wiki ya mwisho ya Mei, wakati ukuta utakuwa umevaa majani. Nitakaa upande wa kulia, mahali ninapoweza kumwona Crow-Armstrong akiwa besi ya kwanza, nione kama bado anaondoka mapema kwa mrushaji ambaye tayari amemtazama mara mbili.